Sauti Ilitua Wapi? Mjadala wa Altrasaundi na Panya wa Maabara

Mjamzito anayelala kitandani kliniki huku jeli ya baridi ikipakwa tumboni anaifahamu altrasaundi kama chombo cha kutazama. Mawimbi hayohayo, yakitoka kwenye bakuli la kauri lililopinda na kukutana yote mahali pamoja, hugeuka chombo cha kutenda. Yanaweza kuunguza uvimbe bila kisu, kulegeza kuta za mishipa midogo ya ubongo ili dawa ipenye, au kuchokoza neva. Lenzi hukusanya jua na kutoboa karatasi kwa namna hiyohiyo, ila hapa ngozi iliyo njiani husalimika, kwa kuwa nguvu inakusanyika ndani tu, kwenye kitovu chenye upana wa milimita chache.

Kila hatua ya safari hii ya kutoka kutazama hadi kutenda imepitia kwa wanyama. Mwaka 1942 John Lynn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha njia ya kukusanya altrasaundi kwa ajili ya majaribio ya biolojia. Miaka ya 1950 ndugu wawili, William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliharibu vijisehemu vidogo vya ubongo wa paka bila kudhuru vilivyo jirani, lakini kwanza iliwabidi wakate kipande cha fuvu, maana mfupa ulivuruga mawimbi. Mwaka 2001 Kullervo Hynynen na wenzake wa Boston walionyesha kwa sungura kwamba altrasaundi, ikisaidiwa na viputo vidogo vilivyodungwa kwenye damu, hufungua kwa muda kizuizi kinachoitenga damu na ubongo, huku MRI ikionyesha ni wapi hasa. Sungura hao nao walikuwa wametolewa kipande cha fuvu. Binadamu wa kwanza kufunguliwa kizuizi hicho kwa njia hii bila kupasuliwa, mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo, alitibiwa Toronto mwaka 2015.

Leo panya wa maabara wana mashine zao wenyewe. Toronto kuna FUS Instruments, kampuni iliyochipuka kutoka Taasisi ya Utafiti ya Sunnybrook, inayotengeneza mitambo ya altrasaundi inayoongozwa na picha kwa ajili ya wanyama wadogo. Pessac, pembeni ya Bordeaux nchini Ufaransa, kampuni ya Image Guided Therapy inafanya kazi ya aina hiyo. Mitambo hii ni ghali, na ile inayoingia ndani ya MRI inadai na MRI yenyewe iwepo. Ndiyo maana kamati za bajeti za vyuo huuliza: je, lazima panya apigwe picha ndipo apigwe sauti?

Makala haya yanakutanisha sauti nne juu ya swali hilo. Si watu halisi. Ni misimamo inayopatikana katika maabara yoyote inayofanya kazi hii, na kila mmoja umepewa nafasi ya kujitetea kwa nguvu zake zote.

Anayeanza ni Mhandisi, na anaanzia mezani. "Panya amevuta isoflureni, dawa ya usingizi, amelala. Kichwa kimenyolewa, kikapakwa krimu ya kuondoa vinyweleo vilivyosalia, kwa sababu vinyweleo hunasa hewa. Analazwa chali, utosi ukigusa maji yaliyoondolewa hewa, na transdyusa, lile bakuli la kauri, iko chini yake ndani ya maji hayo. Sindano imekaa kwenye mshipa wa mkia, viputo viko tayari. Sasa kiputo kimoja cha hewa kikijibana kati ya ngozi na maji, basi. Hewa hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya nguvu ilikotoka. Utabonyeza kitufe, kompyuta itahesabu sekunde zake, itaandika kwamba kazi imekamilika, na ubongo utakuwa haujapata kitu. Bila picha utajuaje?"

"Nitajua jioni," anajibu Mtakwimu, kijana kuliko wote pale. "Unadunga rangi ya Evans blue. Ubongo ukikatwa, kama kizuizi kilifunguka utaona doa la buluu. Panya wa ukoo mmoja wa maabara hawatofautiani sana, na atlasi ya ubongo wao ina vipimo vya kila sehemu. Fremu ya kushikilia kichwa, transdyusa moja, jenereta ya mawimbi na amplifaya: maabara nyingi zimechapisha kazi nzuri kwa vifaa hivyohivyo. Fedha inayookolewa inanunua wanyama wa kutosha ili takwimu ziwe na maana. Mashine ya kifahari yenye panya sita haimwambii mtu chochote."

Hoja hii ina uzito. Utafiti wa wanyama umelaumiwa kwa miaka mingi kwa makundi madogo mno, yasiyoweza kutofautisha athari ya kweli na bahati. Daktari wa Wanyama, mwanamama ambaye ndiye anayesaini vibali vya majaribio, anaikubali. Kisha anaigeuza.

"Mwanangu, umesema ubongo ukikatwa. Kwa hiyo huyo panya amekufa. Kizuizi hujifunga tena, kwa sehemu kubwa ndani ya siku moja hivi. Ukitaka kufuatilia kinavyojifunga kwa njia yako ya rangi, utaua kundi baada ya saa moja, kundi baada ya saa 6, kundi baada ya saa 24. Mwenye MRI anadunga dawa ya gadolini, sehemu iliyofunguka inang'aa kwenye picha, na kesho anamrudisha panya yuleyule. Anajilinganisha na yeye mwenyewe. Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba mtafiti ana wajibu wa kutafuta mbadala wa mnyama, kupunguza idadi na kuboresha namna anavyotendewa. Hapa picha inapunguza idadi."

"Lakini Mama Daktari, panya huyo mmoja sasa analazwa usingizi mara tatu badala ya mara moja," anasema Mtakwimu.

"Kweli. Na usingizi ni mzigo. Kwa hiyo nauliza kila mara kama picha ya tatu inahitajika au ni ya kupamba makala."

Kabla mjadala haujaenda mbali, fizikia inadai nafasi yake, kwa sababu ndiyo inayoamua kama "panya hawatofautiani sana" ni kweli. Katika maji, wimbi la megahezi 1 lina urefu wa milimita 1.5. Likishushwa hadi kilohezi 250, linafika milimita 6, ambao ni karibu kina chote cha ubongo wa panya mdogo. Kwa masafa hayo ya chini hakuna tena kulenga sehemu ya ubongo: kichwa kizima kimo ndani ya wimbi moja. Zaidi ya hapo, mawimbi hugonga upande wa pili wa fuvu na kurudi, yakakutana na yanayokuja, na kuzaa sehemu zenye shinikizo kubwa mahali ambapo hakuna aliyelenga. Kikundi cha Sunnybrook, Toronto, kililieleza tatizo hili kwa panya wakubwa wa maabara mwaka 2010. Mwaka uliofuata kikaonyesha jambo jingine ambalo lingemwondolea Mtakwimu usingizi: kwa masafa yaliyo chini ya megahezi 1, nguvu inayopotea kwenye fuvu la panya hao huongezeka kadiri mnyama anavyokuwa mzito. Panya aliyenunuliwa mwezi huu na aliyenunuliwa mwezi uliopita hawapati dozi moja, hata kama kitufe kimewekwa palepale.

"Hilo nalikubali," anasema Mtakwimu. "Lakini MRI haipimi shinikizo. Inaonyesha kilichovuja baada ya tendo."

Mhandisi alikuwa anaingoja sentensi hiyo. Mashine nzuri, anasema, ina jicho na ina sikio. Viputo vinapotikiswa na altrasaundi navyo hutoa sauti. Vikitikisika kwa utulivu, sauti yao ina mpangilio. Vikipasuka, mpangilio unageuka kelele, na hapo ndipo mishipa hujeruhiwa na damu kuvuja. Mwaka 2012 Meaghan O'Reilly na Hynynen walitumia kidhibiti kinachosikiliza. Kinapandisha shinikizo hatua kwa hatua hadi alama fulani isikike kutoka kwa viputo, kisha kinashuka hadi asilimia 50 ya kiwango hicho na kubaki hapo. Fuvu la kila panya, zito au jepesi, limejipimia dozi yake lenyewe. Walianza na panya, na wazo la kusikiliza viputo likahamia kwenye matibabu ya binadamu.

Hapa ndipo panapoonekana thamani ya kweli ya vifaa hivi, na ni thamani isiyoonekana kwenye hati ya bei. Mnyama aliyepigwa sauti bila mtu kujua ilitua wapi na kwa nguvu gani ametolewa mhanga bure. Maumivu yake yamekuwepo, kifo chake kimekuwepo, lakini maarifa hayapo. Na baya zaidi, namba yake inaingia kwenye jedwali pamoja na za wengine na kuyapotosha matokeo yao. Anayesema kifaa cha kupimia ni anasa hajafanya hesabu ya wanyama wa namna hii.

Mtakwimu hakubali kumaliza hapo, na anatoa mfano ambao wote mezani wanaujua.

"Tuzungumzie neva. Kwa miaka kadhaa maabara zilikuwa zinaelekeza altrasaundi dhaifu kwenye ubongo wa panya, mguu unaruka, wanaandika kwamba sauti imeamsha sehemu ya ubongo inayoongoza misuli. Walikuwa wamelenga vizuri, vipimo safi kabisa. Kisha mwaka 2018 zikatoka tafiti mbili pamoja katika jarida la Neuron. Ya Minnesota ilitumia simbilisi: ubongo uliwaka, ndiyo, lakini walipokata neva za kusikia au kuondoa majimaji ya sikio la ndani, mwitikio ule ukatoweka. Ya Caltech ilitumia panya, na ikaona jambo linaloelekea hukohuko. Mnyama alikuwa anasikia! Mapigo ya altrasaundi yanapoanza na kukatika ghafla, hutikisa fuvu na kulifikia sikio. Mguu uliruka kwa sababu panya alishtuka. Jicho lenu, Mhandisi, lilionyesha mahali, lakini sababu halikuionyesha."

Kimya kifupi. Kisha Mhandisi anajibu bila kukasirika, na inafaa kumsikiliza, kwa kuwa kisa chenyewe hakikuishia mwaka 2018. Mwaka uliofuata kikundi cha Stanford kilitumia panya walioumbwa viziwi kwa kubadilishwa jeni. Viziwi hao nao waliruka mguu. Na watafiti walipolainisha mwanzo na mwisho wa kila pigo, mwitikio wa njia ya kusikia uliondoka, huku mguu ukiendelea kuruka. Kwa hiyo kuna athari mbili zilizokuwa zimechanganyikana, na kila moja ilihitaji jaribio lake la kulinganishia.

"Mimi sikusema picha inatosha," anasema. "Nasema bila picha usingeweza hata kuanza ugomvi huu. Kama hujui sauti ilitua wapi, utaanzaje kubishana ilifanya nini?"

"Na kama hukuweka panya kiziwi, au pigo lililolainishwa, picha yako nzuri itakudanganya kwa ujasiri zaidi," Mtakwimu anamalizia. Kwa mara ya kwanza wanaelekea kukubaliana.

Daktari wa Wanyama anaongeza jambo ambalo wahandisi wengi hulipita: hewa. Panya aliyelazwa usingizi mara nyingi hupewa isoflureni pamoja na oksijeni tupu, ndiyo mazoea ya vyumba vya upasuaji. Mwaka 2017 kikundi cha Nathan McDannold kule Boston kilionyesha kwamba panya wanaovuta oksijeni tupu hufunguka kizuizi kidogo kuliko wanaovuta hewa ya kawaida, kwa sababu gesi iliyo kwenye damu hubadili maisha ya viputo. Kikundi hichohicho kilikuwa kimeonyesha kabla ya hapo kwamba hata aina ya dawa ya usingizi huleta tofauti. "Soma makala kumi za zamani," anasema. "Utaona shinikizo limeandikwa hadi desimali mbili, lakini mnyama alivuta nini, hakuna neno. Mimi ndiye nazungusha ile koki. Hakuna aliyeniuliza."

Kisa cha uchochezi (inflamesheni) kinafanana na hiki cha gesi. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliandika katika jarida la PNAS kwamba kufungua kizuizi kwa altrasaundi kuliamsha, katika ubongo wa panya, mwitikio wa kinga kama wa jeraha lisilo na vijidudu. Habari hiyo iliwatia hofu wengi, maana wagonjwa walikuwa wameshaanza kutibiwa. Ndani ya mwaka huohuo Dallan McMahon na Hynynen walionyesha kwamba ukubwa wa mwitikio hutegemea dozi ya viputo: kwa dozi kubwa uchochezi ni mkali, kwa dozi inayolingana na ile ya kliniki unapungua sana. Pande zote mbili zilipima sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye sindano.

Mpaka hapa Daktari wa Neva alikuwa kimya. Yeye hutibu watu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha altrasaundi inayoongozwa na MRI kwa watu wanaotetemeka mikono kwa ugonjwa wa kurithi au usiojulikana chanzo, baada ya jaribio la wagonjwa 76. Mgonjwa huvaa helmeti yenye vyanzo 1,024 vya mawimbi, kila kimoja kikirekebishwa kwa picha ya CT ya fuvu lake mwenyewe. Yuko macho, na kati ya pigo na pigo anaombwa achore mzunguko kwenye karatasi, hadi mstari uache kutetemeka. Daktari huyu amechoka kungoja panya.

"Ndugu zangu, panya mdogo ana ubongo wa gramu 0.4 hivi. Mgonjwa wangu ana gramu 1,300. Fuvu la panya halifiki nusu milimita, la kwake ni milimita 6 au zaidi, lina tabaka tatu. Mnanipa nini ninachoweza kukitumia? Tazameni Alzheimer. Mwaka 2015 Gerhard Leinenga na Jürgen Götz wa Brisbane waliandika kwamba altrasaundi na viputo, bila dawa yoyote, viliondoa mabaka ya protini ya amiloidi kwa panya na kuwarudishia kumbukumbu. Dunia nzima ilishangilia. Mwaka 2018 Toronto ikafungua kizuizi kwa wagonjwa watano wa Alzheimer. Ilikuwa salama, na hilo ni jambo kubwa. Lakini amiloidi ya kundi haikubadilika."

"Kwa hiyo panya walidanganya?" anauliza Mtakwimu.

"Sikusema hivyo."

"Basi sema yote, Daktari. Kikundi cha Toronto kilikuwa kimeonyesha kwa panya tangu mwaka 2010 kwamba altrasaundi ikiunganishwa na kingamwili dhidi ya amiloidi hufanya kazi. Na Januari 2024 Ali Rezai na wenzake wa West Virginia waliandika kuhusu wagonjwa watatu waliopewa kingamwili ya aducanumab, kisha wakafunguliwa kizuizi upande mmoja wa ubongo. Baada ya wiki 26 amiloidi kwenye sehemu zilizofunguliwa ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 32 zaidi ya sehemu zisizofunguliwa. Njia hiyo ilitoka kwa panya."

"Wagonjwa watatu," anasema Daktari wa Neva, akimrudishia Mtakwimu silaha yake. "Na mwezi huohuo mtengenezaji alitangaza kuiacha dawa hiyo."

Wanacheka wote, ila swali linabaki mezani, nalo ni zito. Panya wa Alzheimer ni mnyama aliyepandikizwa jeni ya binadamu ili azae mabaka haraka, haugui Alzheimer. Alichoweza kufundisha ni namna ya kupitisha kingamwili kwenye kizuizi na kwa dozi gani, na hilo amelifundisha vizuri. Kama mgonjwa atakumbuka jina la mwanawe, panya hana jibu, hata akiwekwa ndani ya mashine bora kuliko zote.

Daktari wa Wanyama ana pendekezo la katikati. Katika chuo cha tiba ya wanyama cha Virginia Tech, mbwa wanaougua saratani ya mifupa wametibiwa kwa histotripsi, yaani altrasaundi inayosaga uvimbe kwa mawingu ya viputo badala ya joto. Mbwa hao hawakupandikizwa saratani na mtu. Waliugua nyumbani, wakaletwa na wenye mbwa, na uvimbe wao una ukubwa na ukaidi unaokaribia ule wa binadamu. "Hapo mnyama ni mgonjwa," anasema. "Tunajifunza kutoka kwake na yeye anatibiwa."

Mtakwimu ananung'unika kuhusu idadi: kila mbwa ana umri wake, mbegu yake, uvimbe wake. Panya, anakumbusha, nao wameleta kitu ambacho mbwa wasingeleta kirahisi. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, panya wenye saratani ya ini walisagwa sehemu tu ya uvimbe, na uvimbe wote ukatoweka kwa wanyama 9 kati ya 11, dalili kwamba kinga ya mwili ilikuwa imeamka. Oktoba 2023 mashine ya histotripsi ya ini ilipata kibali Marekani. Namba hiyo ya 9 kati ya 11 ilipatikana kwa sababu wanyama walifanana, walilengwa kwa picha, na waliachiwa sehemu ya uvimbe kwa makusudi.

Mwishoni wanarudi kwenye fedha, kama ilivyo kawaida. Mtakwimu yuko tayari kupiga kura mashine inunuliwe, kwa sharti moja. Kila mnyama awe na faili lake: shinikizo lililopimwa kwa haidrofoni (maikrofoni ya majini), uzito wake, gesi aliyovuta, dozi ya viputo, sauti viliyoirudisha, picha ya kabla na ya baada. Mwaka 2024 wataalamu wa muungano wa ITRUSST walikubaliana orodha ya mambo yanayopaswa kuripotiwa katika tafiti za kuchokoza neva kwa altrasaundi, kwa hiyo haombi jambo geni. Anataka faili hizo ziwekwe wazi pamoja na makala, pamoja na za wanyama walioshindikana.

Mhandisi anakubali yote hadi neno la mwisho, kisha anasita. Faili la mnyama aliyeshindikana linaonyesha pia transdyusa iliyochoka na fundi aliyeacha kiputo cha hewa kati ya ngozi na maji. Hakuna maabara inayopenda kuonyesha hayo kwa washindani. Daktari wa Neva anadhani kazi hiyo itachelewesha mambo. Daktari wa Wanyama, ambaye kalamu ya vibali iko mkononi mwake, anasema waanze na faili hizohizo za walioshindikana, na kwamba ombi lijalo lisilo nazo hatalisaini.